Mtoto Asiyetulia: Ni Malezi au Ni Damu?

Katika kota zetu hakosekani mtoto ambaye jina lake hutajwa kila siku. Mwalimu amechoka naye, majirani wamechoka naye, na mama yake ameitwa shuleni mara nyingi hata msimamizi wake kazini ameanza kunung'unika. Mtoto huyo hawezi kukaa kitini mpaka somo liishe. Hujibu swali kabla halijamalizika kuulizwa. Akitumwa dukani kununua chumvi na kiberiti, hurudi na kiberiti peke yake, au hurudi mikono mitupu kwa kuwa njiani ameona jambo jingine. Kila wiki amepoteza kalamu, daftari au kiatu.

Watu wakimzungumza mtoto kama huyo, methali hazikosi. Wengine husema, "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo," wakimaanisha kwamba kosa ni la mama, ambaye huondoka alfajiri kwenda kazini na kumwachia yaya mtoto. Wengine husema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka," wakimaanisha kwamba ukoo wenyewe ni mbaya na hakuna la kufanya. Wengine tena hukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, kisha huenda kukata fimbo.

Methali ni hazina yetu, lakini zikitumiwa ovyo huumiza watu. Makala haya yanaeleza yale ambayo wataalamu wameyapata juu ya urithi wa tatizo la kutotulia kwa watoto. Jambo hili latuhusu sisi wafanyakazi. Mama au baba anayelaumiwa bure hufika kazini na mzigo huo kichwani, na mtoto anayepigwa kwa jambo asiloliweza hupoteza masomo yake, na baadaye hupoteza kazi ambayo angeipata.

TATIZO LENYEWE

Madaktari hulitaja tatizo hili kwa herufi nne, ADHD. Kwa lugha yetu twaweza kuliita tatizo la kukosa umakini na utulivu. Watoto wengine hushindwa hasa kutulia: hukimbia, hupanda, husema bila kikomo, hawawezi kungoja zamu yao. Wengine hushindwa hasa kuweka fikira mahali pamoja: husahau, hupoteza vitu, huanza kazi wasiimalize. Wengine wana yote mawili. Wavulana huonekana zaidi kuliko wasichana, na sababu mojawapo ni kwamba msichana mara nyingi huwa wa aina ya pili. Hukaa kimya nyuma ya darasa, fikira zake ziko mbali, wala hakuna anayemwangalia kwa kuwa hamsumbui mtu.

Si kila mtoto mtundu ana tatizo hili. Utundu ni sehemu ya utoto. Ili daktari aseme kwamba tatizo lipo, dalili zapaswa ziwe zimeanza kabla ya mtoto kutimiza miaka 12, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane mahali zaidi ya pamoja, mathalani nyumbani na shuleni, na ziwe zinamzuia kweli kujifunza na kuishi na wenzake. Mtoto asiyesikia vizuri, au anayekwenda shule na njaa, au asiyepata usingizi wa kutosha, naye aweza kushindwa kutulia, lakini shida yake ni nyingine na tiba yake ni nyingine.

Mwaka 2007 wachunguzi walikusanya pamoja hesabu za nchi nyingi za dunia, wakaona kwamba watoto wenye tatizo hili ni kama 5 katika kila 100. Kwa hesabu hiyo, katika darasa la watoto 60 tutegemee kuwakuta watatu hivi.

Wala tatizo hili halikuletwa na televisheni. Mwaka 1902 daktari wa watoto mjini London, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake habari za watoto waliokuwa na akili ya kawaida lakini wasioweza kujizuia wala kushika jambo moja. Aliona kwamba baadhi yao walitoka katika nyumba zenye malezi mema, kwa hiyo malezi peke yake hayakutosha kueleza mambo yao. Alishuku kwamba urithi una sehemu yake.

DAMU ILIJULIKANAJE?

Msomaji atauliza: wataalamu wamejuaje kwamba jambo hili linarithiwa? Walikwenda kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutazama familia. Ilionekana kwamba wazazi na ndugu wa mtoto mwenye tatizo hili hupatwa nalo wenyewe mara 5 hadi 10 zaidi kuliko watu wengine. Hata hivyo, ushahidi huo haukutosha. Watu wa nyumba moja hushiriki damu, lakini pia hushiriki chungu kimoja, chumba kimoja na kelele zile zile. Mtu angeweza kusema kwamba ni mazingira ya nyumba yaliyowaambukiza wote.

Hatua ya pili ilikuwa kutazama watoto waliochukuliwa wakalelewa na wazazi wasiowazaa. Hapa damu na malezi vimetenganishwa: damu ni ya watu hawa, malezi ni ya watu wale. Mwaka 2000 wachunguzi wa mjini Boston, Marekani, walitoa hesabu zao. Kati ya wazazi waliowalea watoto wenye tatizo hili bila kuwazaa, waliokuwa nalo wenyewe walikuwa 6 katika 100. Kati ya wazazi waliowazaa na kuwalea watoto wenye tatizo hili, walikuwa 18 katika 100. Na kati ya wazazi wa watoto wasio na tatizo, walikuwa 3 katika 100. Tatizo lilifuata damu zaidi kuliko paa la nyumba.

Hatua ya tatu ilikuwa kutazama mapacha. Kuna mapacha wa kufanana, ambao wametoka katika yai moja na urithi wao ni mmoja. Kuna na mapacha wasiofanana, ambao wametoka katika mayai mawili na urithi wao hulingana kama wa ndugu wengine wowote. Mapacha wa aina zote mbili hulala chumba kimoja, hula pamoja na hulelewa na mama mmoja. Basi ikiwa tatizo latokana na malezi tu, mapacha wa kufanana hawapaswi kulingana kuliko wale wengine. Lakini wanalingana zaidi sana. Mwaka 2019 Stephen Faraone na Henrik Larsson walikusanya pamoja chunguzi 37 za mapacha za nchi mbalimbali. Jumla yake ilionyesha kwamba tofauti baina ya mtoto na mtoto katika jambo hili hutokana na urithi kwa asilimia 74. Kiasi hicho ni kikubwa, kinakaribia kile cha urefu wa mwili.

HESABU HII INA MAANA GANI?

Hapa yafaa twende polepole, kwa kuwa ndipo wengi wanapopotea. Asilimia 74 haina maana kwamba katika mtoto mmoja sehemu 74 za utundu wake ni za damu na sehemu 26 ni za mama. Haina maana pia kwamba watoto 74 katika 100 wa mzazi mwenye tatizo watalipata. Hesabu hii husema habari za tofauti kati ya watu wengi wanaoishi katika hali zinazokaribiana.

Mfano wa mahindi utatusaidia. Chukua debe la mbegu zilizochanganywa. Nusu yake panda katika shamba lenye samadi na maji ya kutosha, na nusu panda katika shamba la mchanga mtupu. Ndani ya shamba la kwanza mabua yatapishana urefu, na kwa kuwa udongo wao ni mmoja, kupishana huko kumetoka katika mbegu. Ndani ya shamba la pili itakuwa vivyo hivyo. Lakini ukisimama njiani ukalinganisha shamba na shamba, utaona kwamba mahindi yote ya mchangani ni mafupi, na tofauti hiyo haikutoka katika mbegu. Imetoka katika udongo. Kwa hiyo jambo laweza kurithiwa sana, na bado udongo ukawa na nguvu kubwa.

Mfano mwingine ni macho. Kutoona mbali hurithiwa kwa sehemu kubwa. Je, twamwambia mtoto asiyeona ubao kwamba hiyo ni damu ya babu yake, basi akae gizani? Hatusemi hivyo. Twamtafutia miwani na kumkalisha mbele.

MBEGU NI NYINGI, NA NI ZA WOTE

Magonjwa mengine ya kurithi hutokana na kasoro katika jeni moja tu. Selimundu ni mfano tunaoufahamu vizuri katika nchi zetu: mtoto akirithi jeni yake kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, ataugua. Kwa tatizo la kutotulia, mambo si hivyo. Katika miaka ya 1990 wachunguzi walitaja jeni chache zinazohusika na dopamini, kemikali inayopeleka habari katika ubongo na kusaidia umakini na hamu ya kazi. Watu wengi wakadhani mzizi umepatikana. Baadaye ilionekana kwamba nguvu ya kila moja ya jeni hizo ilikuwa ndogo sana.

Ili kuona vitu vidogo namna hiyo, ilibidi kukusanya watu wengi mno. Denmark ilisaidia sana, kwa sababu nchini humo matone ya damu yanayochukuliwa katika kisigino cha mtoto mchanga yamehifadhiwa tangu miaka ya 1980. Katika uchunguzi wa mataifa uliochapishwa mwaka 2019, watu 20,183 wenye tatizo walilinganishwa na 35,191 wasio nalo, na zikapatikana sehemu 12 za urithi zinazohusika. Mwaka 2023 wakalinganishwa watu 38,691 wenye tatizo na 186,843 wasio nalo, na sehemu hizo zikafika 27. Wataalamu hao walikadiria kwamba tofauti ndogo ndogo zinazochangia tatizo hili ni kama 7,300, na kila moja huongeza chembe tu.

Tufikiri maana ya jambo hilo. Tofauti hizo si uchafu ulio katika ukoo fulani. Ni za kawaida, na kila mmoja wetu anazo baadhi. Mtu mwenye chache hutulia kwa urahisi, mwenye kiasi cha kati huwa kama watu wengi, na mwenye nyingi zaidi huwa katika hatari ya kushindwa kabisa kutulia. Mpaka kati ya mtoto mzima na mtoto mwenye tatizo ni kama mpaka kati ya mtu mrefu na mtu mfupi. Upo, lakini haukuchongwa katika jiwe. Kwa hiyo wale wanaosema habari za mtoto wa nyoka wamekosea pale wanapohukumu ukoo. Mbegu hizi zimo katika kila ukoo, na mzazi mtulivu aweza kuzaa mtoto asiyetulia, kadhalika na kinyume chake.

Linafuata jambo jingine la faida: hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema kwamba mtoto wako ana tatizo hili. Daktari hujua kwa kuuliza, kusikiliza wazazi na walimu, na kumtazama mtoto. Mtu akikutaka fedha ili akupimie tatizo hili katika damu, zuia fedha yako.

Inafaa pia kujua kwamba watu waliochunguzwa katika hesabu hizo kubwa walikuwa hasa wa asili ya Ulaya. Afrika, yenye tofauti nyingi za urithi kuliko bara lolote, imechunguzwa kidogo. Kazi moja ya kuziba pengo hilo ni uchunguzi uitwao NeuroDev, unaohusu watoto wenye matatizo ya kukua kwa ubongo, na unaofanyika Kilifi katika pwani ya Kenya na Cape Town, Afrika Kusini.

NA UDONGO JE?

Urithi si yote. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati, au wenye uzito mdogo sana, hupatwa na tatizo hili zaidi kuliko wengine. Madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na watoto wenye risasi nyingi katika damu wameonekana kuwa na dalili zaidi za kutotulia. Hili latugusa moja kwa moja sisi tunaofanya kazi za betri, rangi na kuyeyusha vyuma. Vumbi la risasi hutoka kazini likiwa limeshika nguo na viatu, na mtoto hulipata akimkumbatia baba yake mlangoni. Ovaroli ibaki kazini, mikono ioshwe kabla ya kuondoka, na mwajiri aweke mahali pa kuogea. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, lakini risasi ya karakanani bado iko.

Lakini tuwe waangalifu tusiharakishe kumlaumu mama. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mama akivuta sigara akiwa mjamzito humsababishia mtoto kutotulia. Mwaka 2009 Anita Thapar na wenzake wa Cardiff, Uingereza, walichunguza watoto waliopatikana kwa msaada wa madaktari. Wengine walitoka katika yai la mama aliyewabeba, na wengine katika yai la mwanamke mwingine. Uhusiano kati ya sigara na kutotulia ulionekana wazi pale tu mama aliyebeba mimba alipokuwa na damu moja na mtoto. Yaelekea, basi, kwamba kilichopita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kilikuwa hasa urithi. Hata hivyo sigara haikuonekana kuwa salama, maana ilipunguza uzito wa watoto wote, wa yai hili na wa yai lile.

Na ule ukali wa mama, je, ndio ulioharibu mtoto? Mwaka 1979 Russell Barkley na Charles Cunningham waliwatazama akina mama wakiwa na watoto wao wasiotulia, kwanza mtoto akiwa hana dawa, kisha akiwa amepewa dawa. Mtoto alipotulia kwa dawa na kuanza kusikia, mama naye alipunguza amri na makaripio. Sehemu kubwa ya ukali ule ilikuwa jibu kwa tabia ya mtoto. Ndugu zetu wanaosema kwamba mama mkali, au mama mfanyakazi, ndiye aliyemfanya mtoto awe hivyo, wanaweka mkokoteni mbele ya punda.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuache fimbo. Mtoto huyu hakosi adabu kwa makusudi. Breki zake ni dhaifu. Fimbo humfundisha woga na uongo, lakini haimwongezei uwezo wa kungoja.

Pili, tubadilishe udongo wake. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache, ukimtazama usoni. Akilitimiza, msifu papo hapo, kwa maana sifa ya kesho haimsaidii. Saa za kula, kuoga, kusoma na kulala ziwe zile zile kila siku, hata kama zamu yako kazini hubadilika. Mwelekeze yaya au bibi azifuate. Kazi ndefu igawanywe vipande. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha, na amtume kufuta ubao au kuleta chaki ili miguu yake ipate nafasi.

Tatu, tumpeleke hospitali. Dawa zipo. Methilfenidati, inayotumika zaidi, ilitengenezwa kwanza nchini Uswisi mwaka 1944, na huwasaidia watoto wengi. Haiponyi kabisa, na yaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, kwa hiyo hutolewa na kuangaliwa na daktari peke yake. Haipatikani katika kila hospitali. Usinunue dawa ya namna hii mkononi mwa mtu, wala usimpe mtoto wako dawa ya mtoto wa jirani.

Nne, mzazi ajitazame. Kwa kuwa jambo hili hurithiwa, baba anayemkaripia mwanawe kwa kusahau aweza kukumbuka kwamba yeye mwenyewe alifukuzwa darasani kwa kosa lile lile, na mpaka leo hupoteza funguo na kuchelewa zamu. Mzazi wa namna hiyo asijione mwenye hatia. Yeye ndiye awezaye kumwelewa mtoto kuliko wote, na huenda naye akafaidika kumwona daktari.

Tano, tulishike jambo hili katika matawi yetu. Kumpeleka mtoto kliniki, au kuitika wito wa mwalimu mkuu, si utoro. Mkataba Namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unahusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, wanaume kwa wanawake, na unasema kwamba majukumu hayo yenyewe si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi. Hata pale ambapo serikali haijauridhia, wajumbe wetu wanaweza kuuweka mezani wanapojadiliana na mwajiri juu ya ruhusa za wazazi.

Ndugu wafanyakazi, hakuna mzazi aliyechagua mbegu aliyompa mwanawe, kwa hiyo lawama haina kazi hapa. Udongo twaweza kuutengeneza, nyumbani, shuleni na kazini. Katika kota yako, mtoto yule akitajwa tena, uliza kwanza kama amepata kuonwa na daktari, na kama mama yake amepewa ruhusa ya kumpeleka.